Karema: Bandari Yetu na Tembo wa Kutoka Bara Hindi

Katika mikusanyiko ya jumuiya yetu hapa Mpanda, historia ya Wahindi huanzishwa kwa desturi na reli. Husimuliwa habari za machimbo ya madini ya risasi ya Mukwamba, njia ya treni iliyoletwa kutoka Kaliua mnamo mwaka 1950, na maduka yaliyofuata nyuma yake. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yameanza kwa kuchelewa miaka sabini. Anayetaka kuanza mwanzo hana budi kushuka hadi Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Mnamo Agosti 1879, Kapteni Cambier, afisa wa Kibelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo pale Karema. Shida yake kubwa ilikuwa mizigo. Kutoka pwani kila kitu kilibebwa kichwani na wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliwaua ng'ombe na punda njiani. Mfalme akagharimia jaribio la ajabu: tembo wanne waliofunzwa kazi walinunuliwa Bara Hindi, wakapakiwa melini, na mwaka huohuo wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam. Kiongozi wa safari alikuwa Carter. Wale wanyama walishikwa na kutunzwa na mahavati, yaani wachungaji wa tembo, waliotoka nao kwao.

Tembo walikufa mmoja baada ya mwingine kwa uchovu na kwa mizigo iliyowazidi. Mmoja, jike aliyeitwa Pulmalla, alifika Karema mwishoni mwa mwaka ule, lakini naye hakuishi muda mrefu. Mwaka uliofuata Carter aliuawa Mpimbwe, katika vita vya watawala wa nchi hizi, na jaribio likaishia hapo. Majina ya tembo wote wanne yamehifadhiwa. Mahavati hutajwa kwa kazi yao tu. Jambo hili hunisikitisha, kwani hao ndio watu wa asili yetu wa kuandamana na safari ile ya kuja upande huu wa nchi, nao hawakuwa matajiri wala wenye duka. Walikuwa vibarua.

Karema yenyewe ilikutwa na msiba mwingine usiotarajiwa. Ziwa lilikuwa limefungua njia yake ya kutokea magharibi, kwenye mto Lukuga, na maji yakaanza kushuka. Ngome iliyojengwa juu ya mawimbi ikajikuta ikitazama nchi kavu. Mwaka 1885 Wabelgiji waliwakabidhi Mapadre Weupe kituo hicho.

Aliyeipa Karema sifa kuliko ngome yoyote ni Dakta Adrian Atiman. Alizaliwa nchi za mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa mwambao huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu mmoja, mji mmoja, miaka sitini na saba! Sisi tunaofunga duka mwaka wa pili biashara ikilegea tuna la kujifunza kwake.

Maisha ya kila siku ya Karema huongozwa na mwezi. Usiku wa giza wavuvi huingia ziwani na taa, dagaa wakaifuata nuru. Asubuhi akina mama huwapokea na kuwaanika. Mbalamwezi ikitanda, mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane, na upungufu wa dagaa na migebuka ukaonekana hadi sokoni kwetu Mpanda. Kwa miaka mingi meli ya Liemba ilipita hapo ikielekea Kigoma au Mpulungu, na abiria walishuka kwa mitumbwi kwa kuwa gati halikuwapo.

Sasa gati lipo. Serikali imejenga bandari ya kisasa kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, ikikusudia mizigo ya Kongo, kwa maana Kalemie iko ng'ambo ya maji. Ila mfanyabiashara huipima bandari kwa gharama ya kulifikisha gunia gatini. Kutoka Kagwira hadi Karema ni kilomita zipatazo 112, na barabara hiyo ndiyo itakayoamua kama mchele na mahindi ya Katavi yatapitia hapo au yatazungukia Kigoma. Mfalme Leopold alikuwa na kituo, akakosa njia ya mizigo; ndiyo maana alileta tembo.

Ningeomba vijana wa hekalu letu waende Karema kiangazi kijacho, watembee kutoka gatini hadi majengo ya zamani ya misheni, wapime kwa miguu yao umbali ambao ziwa lilirudi nyuma. Kisha wakae na wazee wa Kibende, wawaulize kama babu zao waliwahi kusimulia habari za tembo aliyemtii mtu, na za wageni waliokuwa wakimwamuru kwa lugha isiyojulikana.