Zero na Wildcat: vita ambayo gemu haiioneshi yote

Wenzangu, kila vijana wakikaa kwenye kompyuta kucheza War Thunder au zile IL-2 za zamani, ubishi ni uleule: Zero ya Wajapani ni mfalme, Wildcat ya Wamarekani ni gunia la chuma. Anayesema hivyo ana ushahidi, maana ukishindana kona na Zero utachapwa tu. Ila mambo hayakuishia hapo. Na vita hiyo si ya watu wa mbali peke yao: mwaka 1944 askari kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipigana na Wajapani kule Burma, na kikosi cha hospitali kutoka Kongo kilikuwa nao.

Zero iliundwa na Jiro Horikoshi wa Mitsubishi, ikaruka mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939. Kiwanda kilikuwa Nagoya na uwanja ulikuwa mbali, basi ndege ya kisasa kuliko zote Japani ikapelekwa uwanjani kwa mkokoteni wa ng'ombe! Jeshi la majini lilitaka ndege iende mbali, ipande haraka na ikate kona vizuri, lakini injini iliyokuja kutumika ilikuwa na nguvu za farasi kama 950 tu. Horikoshi akapunguza uzito kila mahali. Bati la kumkinga rubani, hakuna. Matangi yanayojiziba yakitobolewa na risasi, hakuna. Ukiipata, inawaka.

Wildcat F4F-4 ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 1,200 lakini mwili mzito, kwa hiyo ilipanda polepole. Faida yake ni kwamba ilivumilia kipigo, ilishuka kwa kasi bila kuvunjika, na ilikuwa na rashasha sita za milimita 12.7.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wachezaji wengi wanakufa. Angani, urefu ni akiba. Ukishuka unaibadilisha kuwa kasi, ukipanda unairudisha. Kila kona kali unayokata inakula akiba hiyo. Mwenye ndege nyepesi anaweza kukata kona mara kumi na bado anapumua. Mwenye ndege nzito akikata mbili tu amebaki amening'inia kama nguo kwenye kamba. Kwa hiyo mwenye Wildcat anatakiwa kuanza juu, kushuka, kupiga, kupita moja kwa moja na kupanda tena akiwa mbali. Asigeuke kumfuata adui hata akitamani.

Lakini kama Zero ndiyo iko juu yako? Swali hilo lilimnyima usingizi afisa mmoja wa Marekani, John Thach. Mwaka 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, alisoma taarifa kuhusu ndege hiyo, akawa anakaa usiku mezani kwake nyumbani anapanga njiti za kiberiti kama ndege. Jibu alilopata: ndege mbili ziruke sambamba zikiwa zimeachana. Adui akimfuata mmoja, wote wawili wanageuka kuelekeana. Anayefukuzwa anapita, na adui anajikuta uso kwa uso na bunduki za mwenzake. Kisha wanageuka tena, kama kusuka mkeka. Thach alijaribu na rubani Edward O'Hare, na ndege za wanaojilinda akazipunguzia nguvu ya injini makusudi, ili zifanane na mnyonge. Mbinu ikafanya kazi.

Tarehe 4 Juni 1942 huko Midway, Thach akiwa na Wildcat sita alizungukwa na Zero nyingi kuliko wao. Walisuka. Walimpoteza mmoja, wengine wakarudi.

Siku hiyohiyo, mbali kaskazini karibu na Alaska, rubani Tadayoshi Koga, mwenye miaka 19, Zero yake ilipigwa ikaanza kuvuja mafuta ya injini. Akaona nyasi kwenye kisiwa cha Akutan, akatua. Kumbe ni tope. Magurudumu yalinasa, ndege ikapinduka, Koga akafa. Wenzake walikuwa na amri ya kuharibu Zero yoyote isiangukie kwa adui, lakini walidhani labda bado yuko hai. Hawakufyatua. Mimi siwezi kuwalaumu.

Mwezi wa saba Wamarekani waliiona, wakaitengeneza San Diego, na Septemba ikaruka. Wakagundua kwamba kasi ikipita kama kilomita 370 kwa saa, Zero inakuwa ngumu kulala ubavu, hasa kulia. Na ukisukuma pua chini ghafla, kabureta inakosa mafuta na injini inakohoa. Hivyo rubani akaambiwa: ukifukuzwa, sukuma chini, kisha viringika kulia. Wengine husema Hellcat iliundwa kutokana na ndege ya Koga. Si kweli, Hellcat iliruka mara ya kwanza 26 Juni 1942, kabla hata haijapatikana.

Gemu inaonesha kona na kasi vizuri, hapo naisifu. Ila kule kwenye arkedi kuna alama ya kukuambia ulenge wapi, na ukianguka unachagua ndege nyingine. Ndiyo maana hakuna anayesuka. Kila mtu anatafuta pointi zake. Marubani wa Japani waliruka kutoka Rabaul hadi Guadalcanal, karibu kilomita 1,000 kwenda na nyingine kurudi. Waliojeruhiwa wengi waliishia baharini. Wazoefu hawakurudishwa nyumbani kufundisha, waliendelea kuruka mpaka wakaisha, na waliofuata walikuja na saa chache za mafunzo. Zero ikawa ileile nyepesi, mikononi mwa watoto.

Ile ya Koga haikuangushwa vitani. Februari 1945, ikiwa chini uwanjani San Diego, ndege ya Marekani aina ya Helldiver iliigonga na panga boi lake likaikatakata.