Mwalimu wa kuogelea: mambo ya kuangalia kabla ya kumkabidhi mtoto

Mzazi anayemtafutia mtoto wake mwalimu wa kuogelea huuliza kwanza bei. Kisha huuliza mtoto atajua kuogelea baada ya masomo mangapi. Swali lenye uzito zaidi huulizwa mara chache: wakati wa somo, macho ya mwalimu yako wapi?

Swali hilo lina maana ya pekee katika mtaa kama Darsait, ulio kaskazini ya Ruwi katika wilaya ya Muttrah, mjini Muscat. Joto la kiangazi mjini humo hupita nyuzi 40, na bwawa la jengo, la klabu au la hoteli huwa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo watoto wanaweza kucheza nje. Masomo hufanywa asubuhi na mapema, au jioni jua linapokuwa limetua.

Miongoni mwa wakaazi wa Muscat wamo maelfu ya wasemaji wa Kiswahili, wenye asili ya Unguja, Pemba, Mombasa na bara ya Afrika Mashariki. Wengi wa wazee wao hawakufundishwa kuogelea na mwalimu yeyote. Wavulana walijifunza pwani kwa kuwatazama wenzao, na wasichana mara nyingi hawakujifunza kabisa.

Kwa sababu hiyo, mzazi wa leo anayelipia masomo anaweza kuwa hajawahi kuliona somo la kuogelea. Hana kipimo cha kumpimia mwalimu, na ni rahisi kwake kuvutiwa na kifua kipana, filimbi shingoni na maneno matamu.

Kufa maji ni jambo la kimya

Methali ya Kiswahili husema kuwa mfa maji haachi kutapatapa. Katika uhalisia, mtu anayezama, hasa mtoto, mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono.

Frank Pia, mwokoaji wa miaka mingi katika ufuo wa Orchard Beach mjini New York, ndiye aliyeieleza hali hiyo kwa kina. Mdomo wa anayezama huibuka na kuzama, na muda wa kuvuta pumzi hautoshi kuita. Mikono hukandamiza maji kwa pande zote mbili bila hiari yake. Mwili husimama wima, na miguu haimsaidii. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60 tu kabla ya mtu kwenda chini.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo mwalimu anayegeuza mgongo kwa dakika moja kuzungumza na mzazi, au anayesoma ujumbe katika simu yake, ameacha muda unaotosha mtoto kupotea mbele ya watu waliokaa kando ya bwawa.

Vyeti viwili, si kimoja

Bingwa wa kuogelea si lazima awe mwalimu mzuri. Kuogelea kwa kasi ni ustadi wa mtu mwenyewe. Kumfundisha mtoto anayeogopa maji ni kazi nyingine.

Mzazi ana haki ya kuomba kuona vyeti viwili. Cha kwanza ni cha kufundisha kuogelea, kutoka katika chama au taasisi inayotambulika. Cha pili ni cha uokoaji na huduma ya kwanza, kikiwa na mafunzo ya kubana kifua na kumpulizia pumzi mtu aliyezama.

Tarehe iliyoandikwa kwenye cheti hicho cha pili ni muhimu kuliko muhuri wake. Mafunzo ya huduma ya kwanza husahaulika, na ndiyo maana taasisi kama Msalaba Mwekundu wa Marekani hutoa cheti kinachokwisha baada ya miaka miwili. Mwalimu aliyefunzwa miaka kumi iliyopita, na hakurudia, hana tofauti kubwa na mtu ambaye hakufunzwa.

Mwalimu mwema haoni vibaya kuulizwa. Anayekasirika anapoombwa cheti amekwisha kujibu.

Tazama somo moja kabla ya kulipa

Karatasi haitoshi. Mzazi aombe kukaa kando ya bwawa na kulitazama somo zima la watoto wengine kabla ya kutoa fedha za mwezi. Kuna mambo machache ya kuangalia.

La kwanza ni idadi. Kwa watoto wanaoanza, darasa la watoto wanne hadi sita kwa mwalimu mmoja linaangalika. Watoto kumi na wawili wasiojua kuelea, chini ya mtu mmoja, ni wengi mno hata kwa mwalimu hodari.

La pili ni mahali anaposimama. Anayefundisha wanaoanza huwa ndani ya maji pamoja nao, akiwa mahali ambapo anawaona wote kwa mtazamo mmoja. Anapomshika mmoja, wengine hukaa ukingoni wakishikilia ukuta. Hawaachwi kuelea ovyo nyuma yake.

La tatu ni mpangilio wa somo. Mtoto hufundishwa kwanza kutoa pumzi ndani ya maji, kisha kuelea chali na kifudifudi, kisha kugeuka na kurudi ukutani. Mitindo ya kuogelea hufuata baadaye. Anayeanza na mtindo na kasi, mtoto akiwa bado hajui kuelea, anajenga nyumba kuanzia paa.

La nne ni namna anavyoikabili hofu. Kumtupa mtoto majini ili azoee ni desturi ya zamani iliyowafanya watu wengi kuogopa maji maisha yao yote. Mwalimu mzuri humpa mtoto hatua ndogo anayoiweza, na hamwambii uongo. Akimwambia kuwa hatamwachia, hamwachii.

La tano ni mashindano ya kubana pumzi. Mtoto anayevuta pumzi nyingi kwa haraka kisha akakaa chini ya maji anaweza kuzimia bila ya kuhisi dalili yoyote. Mwalimu anayeruhusu mchezo huo hafai, hata kama watoto wanampenda.

Vifaa vya kuelea navyo vina mipaka yake. Kibao cha kuelea ni kifaa cha kufundishia. Maboya ya mikononi yanayojazwa upepo huvuka na hutoboka, na si vifaa vya kuokolea maisha. Mtoto aliyezoea kuyavaa huweza kudhani kuwa anajua kuogelea, akajitosa siku asipokuwa nayo.

Bwawa lenyewe

Mwalimu hodari katika bwawa baya bado ni hatari. Maji yawe safi kiasi cha kuonekana tundu la kutolea maji lililoko chini, upande wa kina kirefu. Tundu hilo liwe na kifuniko kizima, kwani nguvu ya mvuto inaweza kunasa nywele au mwili wa mtoto. Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha vifuniko salama mwaka 2007, baada ya watoto kufa kwa njia hiyo.

Kina cha maji kiandikwe ukingoni. Pawepo boya la kutupa na fimbo ndefu ya kumfikia mtu. Bwawa liwe na uzio na lango linalojifunga.

Katika majengo ya fleti mara nyingi hakuna mwokoaji, na mwalimu hufika mwenyewe kwa makubaliano na wazazi. Hapo mzazi aulize mambo mawili zaidi: je, uongozi wa jengo unajua na umeruhusu masomo hayo? Na ikiwa mwalimu mwenyewe atapatwa na jambo, nani mwingine aliyepo anayeweza kuokoa? Nambari ya dharura ya Oman ni 9999, na kila mtu mzima aliye kando ya bwawa anapaswa kuijua, pamoja na jina la jengo na njia ya kulifikia.

Wasichana na wanawake

Katika familia nyingi za Kiislamu suala la mwalimu mwanamke, saa za faragha na vazi la heshima huamua kama msichana atajifunza au la. Halipaswi kuachwa hadi siku ya somo.

Zanzibar imetoa mfano unaofaa. Katika kijiji cha Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulioanza mwaka 2011 ulifundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili wote. Wanawake wa huko walifunzwa ili nao wawafundishe wenzao. Wakati huohuo kisiwa kilikuwa katika majonzi: meli ya MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, na MV Skagit ikafuata Julai 2012, na mamia ya watu wakapoteza maisha.

Vazi la kusitiri halimzuii mtu kujifunza, ili mradi ni la kitambaa chepesi kilichotengenezwa kwa ajili ya maji. Nguo pana za pamba hunywa maji na kuwa nzito. Rangi kali, kama ya chungwa au njano, huonekana vizuri zaidi chini ya maji kuliko buluu au nyeupe.

Mama naye asijione amechelewa. Mtu mzima anayejifunza ana faida ya kuelewa maelezo, na mzazi anayejua kuogelea ni mlinzi wa ziada kwa watoto wake.

Heshima na usalama wa mtoto

Kufundisha kuogelea hulazimu kumshika mwanafunzi. Ndiyo maana mwalimu mwadilifu hueleza kabla ni wapi atashika na kwa nini: chini ya kichwa, mgongoni, mikononi. Hufundisha mahali pa wazi, na hamzuii mzazi kutazama.

Kubadilisha nguo ni kazi ya mzazi au ya mtu aliyemteua, si ya mwalimu. Masomo ya faragha yasiyo na shahidi, zawadi za siri, au ujumbe wa simu kwa mtoto bila ya mzazi kujua ni dalili za kusimamisha masomo mara moja. Oman ina Sheria ya Mtoto, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme nambari 22 ya mwaka 2014, ambayo inawalinda watoto dhidi ya unyanyasaji.

Lugha nayo izingatiwe. Muscat ina walimu kutoka nchi nyingi. Mtoto anaweza kufundishwa kwa Kiarabu, Kiingereza au Kiswahili, lakini lazima aelewe bila kusita maneno ya amri: simama, toka, shika ukuta.

Ahadi na kipimo

Mwalimu anayeahidi kuwa mtoto atajua kuogelea kwa masomo matano, au kwamba baada ya masomo yake hatazama kamwe, anauza kitu asichokuwa nacho.

Masomo husaidia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kuwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne waliopata masomo rasmi walikuwa katika hatari ndogo zaidi ya kufa maji. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kinashauri kuwa wengi wanaweza kuanza tangu umri wa mwaka mmoja, na WHO huhimiza mafunzo kwa watoto wa miaka sita na zaidi. Hata hivyo, wote husisitiza kuwa masomo hayachukui nafasi ya uzio na jicho la mtu mzima.

Kipimo cha maendeleo kinaweza kuwa wazi. Msalaba Mwekundu wa Marekani hutaja mambo matano ambayo mtu anapaswa kuyaweza kwa mfululizo: kuingia katika maji yanayompita kimo na kurudi juu, kubaki juu ya maji kwa dakika moja bila kushika kitu, kugeuka na kutafuta njia ya kutokea, kuogelea kiasi cha mita 23, na kutoka majini bila ngazi. Mzazi amwulize mwalimu mtoto yuko katika hatua gani kati ya hizo.

Bwawa si bahari wala wadi

Jambo la mwisho ni lile ambalo mwalimu mwema hulisema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Maji ya bwawa hayana mkondo wala mawimbi. Mtoto aliyevuka bwawa la Darsait mara kumi bado hajaijua Bahari ya Oman.

Wala hajayajua mafuriko ya wadi, yale mabonde makavu yanayojaa maji ghafla baada ya mvua. Aprili 2024 maji hayo yalisomba gari lililobeba wanafunzi katika eneo la Samad A'Shan, mkoa wa Kaskazini ya Sharqiyah, na kuua kadhaa wao. Mbele ya maji kama hayo hakuna mtindo wa kuogelea unaosaidia. Linalosaidia ni kutoyaingia.

Mwalimu anayemfundisha mtoto kuelea anampa uwezo. Anayemfundisha pia wakati wa kukataa kuingia majini ndiye anayestahili kukabidhiwa mtoto. Na hata huyo, mzazi asimwachie peke yake: simu iwekwe mfukoni, kiti kisogezwe karibu na ukingo, na macho yawe mawili mawili hadi mtoto atakapokuwa amejifuta maji.