Shaba ya Reli, Shaba ya Kaa

Reli ya Benguela ilikamilika mwaka 1931, ikaiunganisha Katanga na bandari ya Lobito, na mji wa Dilolo ukawa mlango wa kuingilia Angola. Mji huu ulijulikana kwa mzigo wa shaba uliopita. Shaba hiyohiyo imo pia kwenye damu ya kaa wa mtoni, na utafiti wa mwili wake una historia ndefu kuliko reli.

Mwaka 1811 Mfaransa Henri Braconnot alitenga kutoka kwenye uyoga kitu kigumu kisichoyeyuka kwa urahisi. Mwaka 1823 Auguste Odier akakikuta kwa wadudu, akakiita kitini. Ndicho kiunzi cha gamba la kaa. Baadaye, mwaka 1878, Mbelgiji Léon Fredericq alichunguza damu ya pweza, akaona inageuka buluu ikipata hewa. Protini yake, hemosianini, hubeba oksijeni kwa atomu za shaba. Kaa naye anayo. Tena ana kimeng'enya cha ukoo huohuo, fenoloksidasi, ambacho hulikaza gamba jipya. Jeni za viwili hivi zimetokana na babu mmoja, jambo ambalo kwangu linashangaza kuliko utajiri wote wa migodi.

Kazi ya vimeng'enya huonekana kaa anapojivua gamba. Kwanza hufyonza sehemu ya chokaa ya gamba kuukuu, vimeng'enya vikimega kitini kutoka ndani. Kisha gamba hupasuka nyuma, naye hutoka kinyumenyume, laini, akanywa maji atanuke, akajificha. Kaa wengi hulila gamba walilolivua ili chokaa isipotee.

Chokaa mpya huhitaji kabonati, na hapo huingia kimeng'enya kilichogunduliwa Cambridge na Meldrum na Roughton mwanzoni mwa miaka ya 1930: karboniki anihidrasi, kinachoichanganya kaboni dayoksaidi na maji kwa kasi kubwa. Moyo wake ni zinki, madini yanayochimbwa Kipushi, huko huko Katanga.

Ila shaba ikizidi majini hugeuka sumu. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa huzuia karboniki anihidrasi kwenye matamvua ya kaa. Basi wanaopima mito ya eneo la Kolwezi, Katanga, inayopokea maji ya migodi wasichote maji peke yake. Wakamate na kaa, wapime matamvua yake.