Nyumba Yetu, Nyumbani Kwetu: Kumbukumbu ya Njoro

Wapenzi wa lugha mnafahamu kwamba neno «nyumbani» limetokana na «nyumba» kwa kuongezwa kiambishi -ni. Kiambishi ni kidogo, lakini kazi yake ni kubwa. Nyumba huwa yetu. Nyumbani huwa petu, kwetu au mwetu, kwa kuwa neno limekwisha kuhama ngeli na kuwa mahali. Sikuutafakari uhamaji huo mpaka wazazi wangu walipouza nyumba yao ya Njoro, mjini Moshi.

Njoro ni kata ya Manispaa ya Moshi, yenye chemchemi na msitu unaobeba jina lake. Mji wenyewe ulikua baada ya reli kutoka Tanga kufika mwanzoni mwa miaka ya 1910, chini ya Old Moshi, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao. Kwa Wachaga wa milimani, basi, mjini ni mahali pa kushukia. Mtu hushuka kutafuta riziki, na hupanda kurudi nyumbani.

Nyumbani huko juu ni kihamba: ardhi ya ukoo yenye migomba, kahawa na makaburi, ikizungushiwa masale ya mpakani. Kwa mila, kihamba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na kitinda mimba ndiye hubaki katika nyumba ya wazazi. Kahawa iliongeza thamani yake. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na kutokana nacho kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Lakini ardhi haikuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Baba yangu alikuwa mtoto wa kati. Fungu lake Kibosho lilikuwa kipande chembamba ambacho hakingelisha familia, akashuka. Akajenga Njoro mwaka 1974, chumba baada ya chumba.

Sisi watoto tulizaliwa pale, ila tulifundishwa kutopataja. Mgeni akituuliza, «Kwenu wapi?» tulijibu, «Kibosho.» Aliyejibu Njoro alirekebishwa papo hapo na baba mdogo kwa methali: mkataa kwao mtumwa. Tazameni methali hiyo: haitaji nyumba wala ardhi. «Kwao» imesimama peke yake, na kila Mswahili anaelewa. Sisi tuliambiwa kwamba kwetu ni mahali tulipolala siku chache za Desemba.

Sheria nayo ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake «Mali ya Taifa», alipinga ardhi kufanywa bidhaa. Cha mtu binafsi, kwa hoja yake, ni kile alichokiongeza kwa jasho lake. Baada ya uhuru ikawa hivyo: ardhi tupu haikuwa na bei, kilichouzwa ni maendelezo yaliyo juu yake. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majumba yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, iliacha nyumba ambayo mwenyewe aliikalia yote. Naona hapo sheria ilikaribia kuitambua tofauti ya nyumba na nyumbani. Mwaka huohuo Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 59, ikamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndiyo iliyokuja kukiri kwamba maslahi ya mtu katika ardhi yenyewe yana thamani.

Kifungu hicho cha 59 ndicho kilichomleta mama mezani. Baba alikuwa ameanza kuugua, naye alitaka kuzeekea Kibosho, karibu na makaburi ya wazazi wake. Hakuna aliyeona ajabu. Mwanamume anarudi kwao. Lakini mama alizaliwa Uru. Kibosho alikuwa mke wa ukoo, mgeni wa miaka hamsini. Uru alikwisha kuolewa, na kihamba cha baba yake kilikuwa cha kaka zake. Mahali pekee ambapo hakuwahi kuwa mgeni palikuwa Njoro, katika nyumba ambayo matofali yake mengi yalinunuliwa kwa ndizi alizouza sokoni. Kama cha mtu ni jasho lake, basi hesabu ya jasho hilo haikuwa ya baba peke yake.

Mnunuzi alikuwa kijana mwenye adabu. «Shikamoo, mama.» «Marahaba, mwanangu.» Wakili akasoma mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Alipofika kwenye maneno «nyumba yake iliyopo Njoro», mama akamkatiza.

«Andika yetu.»

Wakili akaeleza kwa upole kwamba hati ilikuwa na jina la baba tu.

«Basi kwenye ridhaa yangu andika kwamba nimekubali kuondoka nyumbani kwangu.»

Wakili akatabasamu, akasema maneno hayo hayana nafasi katika fomu. Baba alikuwa akitazama mikono yake. Mama akatia saini.

Siku ya kuhama aling'oa chipukizi la mgomba wa mshare lililokuwa nyuma ya jiko. Mbegu yake aliishusha kutoka Uru alipoolewa. Sasa akaipandisha Kibosho, akaipanda karibu na mlango wa jiko, wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Siku hizi nikiulizwa kwetu wapi, najibu, «Njoro.» Baba mdogo hukumbusha kwamba Njoro tulikwisha kuuza. Namjibu kwa heshima kwamba tuliuza nyumba yetu, tena kwa hati. Kwetu hakukuandikwa popote. Jibu hilo hunifaa mimi, mtu wa maneno. Mama, aliyepafagia kila alfajiri, hana haja nalo. Tukipita Njoro kwa daladala kumpeleka hospitali, yeye hugeuzia uso upande wa mlima mpaka tuvuke.