Samaki Katika Sanduku la Kioo

Sisi wa Karagwe na Kyerwa twaujua vema mto Kagera, ambao huyachukua maji ya nchi yetu mpaka Ziwa Victoria. Katika ziwa hilo waliishi furu, samaki wadogo, aina mia kadhaa, ambazo nyingi hazipatikani penginepo duniani. Jike la furu huyaweka mayai yake kinywani, wala hatafuni, mpaka watoto wamekwisha kuanguliwa.

Zamani mtu aliyefuga samaki chomboni hakuwa na budi kubadili maji mara kwa mara, wasife kwa kukosa pumzi. Mwaka 1850 Robert Warington, mtaalamu wa kemia huko London, alieleza njia iliyo bora. Alipanda majani ndani ya maji, akatia na konokono. Majani huwapa samaki hewa, uchafu wa samaki huyalisha majani, na konokono hula yaliyooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, watu wakaja kutazama. Samaki wa midomo ya mito, panapokutana maji ya bahari na maji baridi, hutiliwa chumvi kwa kipimo; furu hawaihitaji.

Nani angalidhani ya kuwa mchezo huo ungekuwa safina? Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara, samaki mkubwa mla samaki, alitiwa Ziwa Victoria ili kuongeza kitoweo. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer alionya, asisikilizwe. Miaka ya 1980 sangara walizidi mno, maji nayo yakachafuka, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wataalamu wa Leiden, Uholanzi, waliokuwa Mwanza tangu 1977, waliyaona hayo kwa macho. Ndipo baadhi ya furu walipochukuliwa, wakalelewa katika vioo vya Ulaya na Marekani.

Lakini kioo ni kidogo, na ziwa ni kubwa. Furu wangali wamo katika maziwa madogo kama Burigi letu, na ngege wa asili wamesalia Kanyaboli, nchi ya Kenya. Basi, ndugu wasomaji, mtu akituletea samaki mgeni wa kutia majini, na tumwulize kwanza: huyu hula nini? Sangara alitiwa kwa mkono wa mtu. Kumtoa hakuna awezaye.