Ndege anayemwita mtu: historia ya mlembe na warina asali wa miombo

Kabla mvua za kwanza hazijaanza katika nyanda za juu za Kigoma, miti ya miombo huvaa majani mapya mekundu. Maua yake madogo hufuata, na msitu mzima hujaa mlio wa nyuki. Anayepita porini kati ya Kasulu, Kibondo na Mtendeli anaweza kusikia sauti nyingine juu ya ule mlio: ke-ke-ke-ke, kama mtu anayetikisa kiberiti chenye njiti chache. Ni ndege wa rangi ya kijivu na kahawia, mwenye manyoya meupe pembeni mwa mkia. Hutua karibu, hulia, huruka hadi mti wa mbele, kisha husubiri. Ukimfuata, huruka tena.

Huyo ni mlembe, ndege wa asali. Waswahili husema fuata nyuki ule asali, lakini katika miombo anayefuatwa kwanza ni ndege. Mlembe anajua nyuki walipo, ila hawezi kupasua shina la mti wala kustahimili miiba yao. Mtu ana shoka na moto wa kutolea moshi, ila hajui nyuki wako mti upi kati ya maelfu. Basi mmoja huonyesha, mwingine hufungua. Mtu huondoka na asali, ndege hubaki na masega, kwa maana mlembe ni kati ya ndege wachache sana duniani wanaoweza kula nta na kuimeng'enya.

Urafiki huu ni wa kale kuliko maandishi. Mwishoni mwa karne ya 16, João dos Santos, mmisionari Mreno wa shirika la Wadominika aliyekuwa Sofala katika Msumbiji ya leo, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani mwake kudonoa nta ya mishumaa. Aliandika pia kwamba ndege hao huwaongoza watu hadi kwenye nyuki. Kitabu chake kilichapwa Ureno mwaka 1609. Hata hivyo, kwa miaka mingi wako wasomi waliolichukulia jambo hili kuwa hadithi za porini. Warina asali walikuwa na ushahidi kila msimu, lakini hakuna aliyekwenda kupima walichokisema.

Aliyekwenda kupima alikuwa Mwafrika Mashariki. Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mtafiti mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, waliandamana na Waborana wa kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 wakatoa matokeo yao katika jarida la Science. Katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali waliotafuta peke yao walichukua wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Walioongozwa na ndege walichukua saa 3.2. Na asilimia 96 ya makao ya nyuki waliyoyapata yasingefikiwa na ndege bila mtu kuyafungua kwa zana zake. Yale ambayo Waborana walikuwa wakiyasema tangu zamani kuhusu namna ndege anavyoonyesha mwelekeo na umbali yalipata namba.

Mazungumzo haya yana pande mbili. Katika Hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao humwita ndege kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizikia kwa mguno mfupi: brrr-hm. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba mlio huo uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66, ukilinganishwa na sauti nyingine. Uwezekano wa kuonyeshwa nyuki ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Ndege alikuwa akitofautisha mtu anayemwita na mtu anayepiga kelele tu.

Kisha utafiti ukaja Tanzania. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hawasemi brrr-hm. Wao hupiga mluzi. Spottiswoode na mtafiti mwenzake Brian Wood walipiga milio yote miwili katika kila eneo, na mwaka 2023 wakatangaza walichokiona: mlembe wa Uhadzabe aliitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao, na yule wa Niassa aliitikia mlio wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Kihadzabe. Ndege ni wa aina moja, lakini kila mmoja anajua lugha ya majirani zake.

Jambo hili linastaajabisha zaidi ukikumbuka jinsi mlembe anavyozaliwa. Mama yake hutaga katika kiota cha ndege wengine, na kinda hulelewa na wazazi wa kambo wasiojua lolote kuhusu asali. Hakuna mzazi wa kumfundisha lugha ya watu. Inaelekea hujifunza lugha hiyo baada ya kutoka kiotani, kwa kusikia, kufuata na kupata masega. Mwalimu wake ni mrina asali.

Na ndege na mtu ni sehemu tu ya maongezi ya msitu. Mti hauwezi kutembea, hivyo humwita nyuki kwa rangi na harufu ya ua. Nyuki akirudi na mbochi hucheza juu ya sega, na mchezo huo huwaeleza wenzake waruke upande gani kwa kulinganisha na jua, na umbali gani. Karl von Frisch, aliyeifumbua lugha hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Ua humwita nyuki, nyuki humwelekeza nyuki, ndege humwita mtu. Chini ya ardhi, mizizi ya miti ya miombo imeshikana na kuvu wanaoilisha madini, na baadhi ya uyoga unaochumwa mvua zinapoanza ni matunda ya ushirika huo.

Katika nyanda za Buha, nchi ya Waha wa Kigoma, mnyororo huu umekatwa mara kadhaa. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya pamoja ili kupambana na malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na familia zikahamishiwa vijijini tena. Kila uhamisho uliwasogeza watu mbali na pori walilolijua mti kwa mti.

Mtendeli nayo ina historia yake. Kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyowahi kuwapo hapo ilifunguliwa upya Januari 2016 na kufungwa mwaka 2021. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na asali ni chakula cha heshima pande zote za mpaka. Lakini maelfu ya familia zilizobanwa mahali pamoja zilihitaji kuni kila siku, na miti ya jirani ililipa gharama hiyo. Mkimbizi hapaswi kulaumiwa kwa kupika uji wa mtoto wake. Wajibu wa kurudisha miti ni wetu sote.

Mwaka 1955 Herbert Friedmann, mtaalamu wa ndege wa Marekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu milembe, alieleza kwamba mahali ambapo watu wameacha kumfuata, ndege naye huacha kuongoza. Sukari ya dukani na mizinga ya kisasa iliyo karibu na nyumba ni maendeleo mema, na Kibondo na Kakonko ni nchi ya wafugaji nyuki. Hata mti unapona mzinga wa mbao unapochukua nafasi ya mzinga wa gome. Lakini mfugaji asiyekwenda porini hamwiti ndege, na ndege asiyeitwa hana wa kumjibu. Lugha hii haina kitabu. Ikinyamaza kwa kizazi kimoja cha watu na cha ndege, haifufuliwi kwa semina.

Kwa hiyo, kijana wa Kibondo, Kasulu au Kakonko mwenye babu aliyewahi kurina asali, nenda naye porini msimu huu angali na nguvu. Msikilize anavyomwita ndege, uirekodi sauti yake kwa simu yako, ujifunze. Zima moto wa kutolea moshi kabla ya kuondoka, usiangushe mti mzima kwa ajili ya asali ya siku moja. Na umwachie mlembe sega lake, kwa sababu ndilo ujira wake na ndilo litakalomfanya akuite tena.