Kabla ya Gesi: Kalenda na Ushahidi katika Vita vya Cabo Delgado

Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Serikali ilisema ni wahalifu tu. Baadaye ikasema ni magaidi kutoka nje. Wachambuzi wengi wa mbali walitazama gesi iliyogunduliwa katika Bonde la Ruvuma mwaka 2010, wakahitimisha kwamba utajiri huo ndio mzazi wa vita.

Kalenda inawasuta wote. Katika makala yake ya mwaka 2020, mwanahistoria Eric Morier-Genoud alifuatilia chimbuko la kundi la vijana hao hadi wilaya ya Balama mwaka 2007. Huko kijana mmoja aliyerejea kutoka Tanzania alijitenga na Waislamu wa kijiji chake, akajenga msikiti wake na kuwakusanya wafuasi. Balama iko bara, mbali na visima vya gesi, na gesi yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa. Tena waliotangulia kulipinga kundi hilo ni Waislamu wenyewe, waliolalamika kwa serikali na kuitaka iingilie kati. Nani basi anaweza kuuita uasi huu zao la kampuni za mafuta, au mradi ulioletwa mzimamzima na Dola la Kiislamu, ambalo lilianza kudai mashambulizi ya huko mwaka 2019?

Gesi na umaskini havifutiki kwa hoja hii. Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira waliwahoji watu wa Mocímboa da Praia, na utafiti wao wa mwaka 2019 unaonyesha jinsi vijana waliokosa ajira na sauti walivyovutwa, na jinsi fedha za biashara za magendo zilivyosaidia mafunzo na safari. Mbegu ya madhehebu ilitangulia, manung'uniko yakaikuza. Mpangilio huo ni jambo la kuthibitishwa kwa tarehe na mashahidi, si kwa mwelekeo wa kisiasa wa mchambuzi.

Lakini mashahidi wanafikiwaje? Januari 2019 mwanahabari Amade Abubacar alikamatwa Macomia alipokuwa akiwahoji wakimbizi wa mashambulizi, akawekwa kizuizini zaidi ya miezi 3. Tarehe 7 Aprili 2020 Ibraimo Mbaruco wa redio ya kijamii ya Palma alimtumia mwenzake ujumbe kwamba amezingirwa na wanajeshi. Hajaonekana tena. Watu hawa wanastahili kutajwa katika kila makala ya kitaaluma kuhusu Cabo Delgado, kwa sababu hifadhidata za vita ambazo wasomi huzinukuu kwa kujiamini hutegemea sana habari za waandishi wa aina yao. Mwandishi akinyamazishwa, kijiji kinatoweka kwenye jedwali, na msomaji wa mbali hudhani kulikuwa na utulivu.

Palma imeonyesha ukubwa wa pengo hilo. Baada ya wapiganaji kuushambulia mji huo tarehe 24 Machi 2021, serikali ilizungumzia vifo vya makumi ya watu. Mwaka 2023 mwandishi Alex Perry alichapisha matokeo ya hesabu ya nyumba kwa nyumba: watu 1,193 waliouawa na 209 waliotekwa. Hesabu yake nayo si msahafu, na inapaswa kukaguliwa upya na watafiti wengine. Ila ina sifa ambayo tamko la serikali halina: inaeleza ilivyopatikana, kwa hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Suala hili linaigusa Tanzania moja kwa moja. Oktoba 2020 wapiganaji wa kundi hilo walivuka Mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa vina watafiti wanaoweza kuwasikiliza watu wa kingo zote mbili kwa Kiswahili, na kwa Kimakonde na Kimwani wakishirikiana na wenyeji, bila kupitia mkalimani wa Kireno na mhariri wa Kiingereza. Kazi hiyo ianze Kitaya kwenyewe: ushuhuda wa kila kaya urekodiwe, majina yafichwe kwa usalama, tarehe zilinganishwe, na nakala zihifadhiwe mahali ambapo mtafiti wa Msumbiji ataweza kuzisoma.